Dawa za Wasiwasi na Mashambulio ya Hofu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari, na yamepangwa kufuata maswali ambayo wagonjwa na ndugu zao huyarudia mara nyingi kwenye chumba cha daktari na kwenye dirisha la dawa. Majina ya dawa yameandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, hivyo yale yaliyochapishwa kwenye boksi yanaweza kutofautiana kwa herufi mbili tatu. Uamuzi wa kuanza, kubadili au kuacha dozi unabaki kuwa wa mgonjwa pamoja na daktari anayeijua historia yake.

## Mambo ya msingi

1. Shambulio la hofu ni nini, na kwa nini linafanana sana na ugonjwa wa moyo?

Shambulio la hofu ni wimbi la woga mkali linalopanda ghafla na kufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi zisizozidi 10, likiambatana na moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, kifua kubana, ganzi ya vidole na hisia kwamba mtu anakufa au anarukwa na akili. Dalili hizo hutokana na mwili kumwaga adrenalini kana kwamba kuna hatari ya kweli, na ndiyo maana si rahisi kuzitenganisha na zile za moyo. Shambulio lenyewe haliui. Hata hivyo, anayepata maumivu ya kifua kwa mara ya kwanza asijipe jibu mwenyewe, kwa kuwa ugonjwa wa moyo, tezi ya thairoidi iliyozidisha kazi, upungufu wa damu na kushuka kwa sukari huweza kuja kwa sura hiyohiyo.

Wasiwasi wa kudumu una sura nyingine. Hauna kilele, ni mashaka yasiyokatika kwa miezi, misuli iliyokaza na usingizi wa mang'amung'amu. Tofauti hii ina uzito katika tiba, kwani dawa inayomfaa mmoja inaweza isimfae mwingine, kama swali la 14 linavyoonyesha.

2. Je, kila mwenye tatizo hili lazima ameze dawa?

Hapana. Tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtu kutambua na kubadili fikra na mienendo inayoilisha hofu imethibitika kuwasaidia watu wengi kwa kiwango kinachokaribiana na cha dawa, na faida yake huelekea kubaki hata baada ya vikao kwisha. Dawa huingia pale dalili zinapozuia kazi, masomo au usingizi, pale tiba hiyo haipatikani au haijatosha, au pale sonona inapokuwa imejiunga. Kabla ya yote, inafaa kuvitazama vichocheo vya kila siku, yaani kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe ya jana yake, pamoja na dawa nyingine ambazo mtu anatumia (tazama swali la 17).

3. Kuna makundi gani ya dawa?

Ni rahisi zaidi kuyaelewa kwa kutazama muda ambao dawa huchukua kufanya kazi. Kundi la kwanza ni la dawa za kila siku zinazofanya kazi polepole: sertralini, esitalopramu, paroksetini na fluoksetini, ambazo huongeza serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, na ndugu zao venlafaksini na duloksetini, ambazo hugusa pia kemikali nyingine ya aina hiyo, noradrenalini. Kundi la pili ni benzodiazepini, kama vile diazepamu inayojulikana zaidi kwa jina la Valium, alprazolamu inayojulikana kwa jina la Xanax, lorazepamu na klonazepamu, ambazo hutuliza ndani ya saa moja. Pembeni kuna dawa zenye matumizi maalumu zinazoelezwa katika maswali ya 14 na 15.

Sehemu kubwa ya madhara tunayoyaeleza hapa huanza pale mtu anapoitumia dawa ya kundi moja kwa matarajio ya kundi jingine. Anaacha sertralini siku ya tano kwa sababu haifanyi kazi, au anaigeuza alprazolamu kuwa dawa ya kila siku kwa sababu inafanya kazi mno.

4. Kwa nini nimeandikiwa dawa ya sonona wakati mimi sina sonona?

Swali hili huulizwa kwa hasira kidogo, kwa kuwa mgonjwa huhisi hakusikilizwa. Ukweli ni kwamba jina hilo limebaki kwa sababu za kihistoria. Katika miaka ya 1960 daktari Donald Klein wa Marekani aligundua kwamba imipramini, dawa iliyokuwa ikitumika kwa sonona, ilizuia mashambulio ya hofu hata kwa wagonjwa ambao dawa za kutuliza hazikuwasaidia. Imipramini ina maudhi mengi na ni hatari sana ikimezwa kupita kiasi, hivyo leo huanzwa zile zinazoongeza serotonini, lakini kanuni ni ileile: dawa moja inaweza kutibu magonjwa mawili.

## Dawa za kila siku

5. Nimemeza kwa wiki moja na wasiwasi umeongezeka. Je, niache?

Usiache bila kuzungumza na aliyekuandikia. Katika siku za mwanzo dawa hizi huweza kuleta kutotulia, kukosa usingizi na hata kuongeza mashambulio, na watu wenye ugonjwa wa hofu huzihisi dalili hizo kwa ukali kuliko wengine, kwa sababu wamezoea kuusikiliza mwili wao kwa makini. Kwa hiyo daktari mwangalifu huanza na dozi ndogo, mara nyingi nusu ya ile ya kawaida, kisha huipandisha taratibu. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 6, na hukomaa baadaye zaidi. Mgonjwa aliyeambiwa hayo mapema huvumilia. Ambaye hakuambiwa huamini kwamba amepewa sumu, na kosa hapo si lake.

6. Ni maudhi gani ya kutarajia, na yapi ni ya hatari?

Kichefuchefu, kuharisha, maumivu ya kichwa na mabadiliko ya usingizi ni maudhi madogo ambayo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili au tatu, na kumeza dawa pamoja na chakula husaidia. Yanayodumu zaidi ni matatizo ya tendo la ndoa: hamu kupungua, kuchelewa kufika kileleni au kutofika kabisa. Wengi huona haya kuyataja, wakaacha dawa kimyakimya, ilhali kupunguza dozi au kubadili dawa huweza kuyaondoa.

Yako mambo mawili yanayohitaji haraka. La kwanza ni kutokwa damu kusiko kwa kawaida, ikiwemo choo cheusi kama lami, hasa kwa anayetumia pia asprini, ibuprofeni au dawa za kuzuia damu kuganda. La pili ni serotonini kuzidi mwilini, hali inayotokea zaidi dawa mbili zinapokutana, kwa mfano sertralini na tramadoli, dawa kali ya maumivu: joto kupanda, kutetemeka, misuli kukakamaa, kuharisha na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali.

7. Je, ni kweli kwamba zinaweza kuleta mawazo ya kujiua?

Kwa vijana, tahadhari hiyo ni ya kweli. Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali zaidi liwekwe kwenye dawa zote za sonona kuhusu watoto na vijana, na mwaka 2007 ikalipanua hadi miaka 24, baada ya uchambuzi wa majaribio kuonyesha ongezeko la mawazo na majaribio ya kujiua katika umri huo mwanzoni mwa tiba. Kwa watu wazima zaidi ongezeko hilo halikuonekana.

Kinachotakiwa ni uangalizi wa karibu. Katika wiki za kwanza, na kila dozi inapobadilishwa, mtu wa nyumbani ajue dalili za kutazama: kutotulia kusikoisha, hasira za ghafla, kukosa usingizi kabisa, kuzungumzia kifo. Mawazo ya kujidhuru yakitokea, daktari aelezwe siku hiyohiyo, na mhusika asiachwe peke yake.

8. Nitazitumia mpaka lini?

Ushauri wa kawaida ni kuendelea kwa miezi 6 hadi 12 baada ya kupata nafuu, kwa sababu wanaoacha mapema hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi. Dawa hizi hazimfanyi mtu azitamani wala azidishe dozi, lakini zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za kutisha na hisia kama shoti ya umeme inayopita kichwani. Paroksetini na venlafaksini zinajulikana zaidi kwa hilo, kwa kuwa hutoka mwilini haraka. Fluoksetini hukaa kwa wiki kadhaa na hivyo hujipunguza yenyewe. Ukisahau dozi moja, imeze unapokumbuka, isipokuwa kama muda wa dozi inayofuata umekaribia. Usimeze mbili kwa pamoja.

## Benzodiazepini

9. Kidonge kimoja kinanituliza vizuri sana. Kwa nini daktari hataki kuniandikia tena?

Kwa sababu anajua historia ya dawa hizi. Klodiazepoksidi, ya kwanza katika ukoo huu, iliyogunduliwa na mkemia Leo Sternbach wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, iliingia sokoni mwaka 1960, na Valium ikafuata mwaka 1963. Zilipokelewa kwa shangwe, na kwa haki: zilichukua nafasi ya babitureti, dawa za zamani za usingizi na za kutuliza, ambazo ziliua kwa urahisi mno zikizidishwa. Ilichukua miaka mingi kukubali kwamba hata watu waliozimeza kwa dozi sahihi, kwa maagizo ya daktari, walishindwa kuziacha. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza ilishauri zitumike kwa wiki 2 hadi 4 tu, na mwaka 2020 mamlaka ya Marekani iliongeza kwenye karatasi za dawa hizi onyo kali kuhusu matumizi mabaya, uraibu na utegemezi.

Benzodiazepini huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayopoza shughuli za neva. Ubongo nao hujibu kwa kupunguza usikivu wake kwa GABA, na baada ya wiki kadhaa dozi ileile haitulizi kama mwanzo, huku kuikosa kukileta wasiwasi mkubwa kuliko ule wa awali. Mgonjwa huuona wasiwasi huo kama ushahidi kwamba bado anaihitaji dawa.

Kuna jambo jingine lisilosemwa mara nyingi. Shambulio hufika kileleni kabla ya dakika 10 kupita, ilhali kidonge kinachomezwa huhitaji kama nusu saa au zaidi. Mara nyingi, basi, shambulio limekwisha kupungua lenyewe kabla dawa haijafika, lakini sifa zote zinakwenda kwa kidonge, na mtu anajifunza kwamba bila kidonge mfukoni hawezi kutoka nyumbani.

Pamoja na hayo, si haki kuzifanya dawa hizi kuwa shetani. Kwa siku chache za dhiki kubwa, au kwa kuvuka wiki za mwanzo zilizoelezwa katika swali la 5, zina nafasi yake, mradi tarehe ya kuziacha ijulikane tangu siku ya kuziandika.

10. Mimi sizidishi dozi. Inawezekanaje niwe nimenaswa?

Inafaa kutenganisha mambo mawili. Utegemezi ni hali ya mwili: mwili umeizoea dawa na utaasi ukinyimwa, hata kama mtu ameimeza kwa utiifu kamili. Uraibu ni wa tabia: kuisaka dawa, kuzidisha dozi, kwenda kwa madaktari wawili, kuendelea ingawa madhara yanaonekana. Mtu anaweza kuwa na utegemezi bila uraibu wowote, na kumwita mraibu ni kumwonea. Tofauti hiyo, hata hivyo, haimkingi na yaliyo katika swali linalofuata.

11. Nini kinaweza kutokea nikiacha ghafla?

Hili ndilo jibu ambalo tungependa lisomwe kuliko yote. Kuacha benzodiazepini ghafla baada ya matumizi ya kila siku kwa wiki au miezi kunaweza kuleta arosto kali: wasiwasi unaorudi kwa kishindo, kutetemeka, jasho, kukosa usingizi kabisa, mwanga na sauti kuumiza, misuli kurukaruka, na kwa baadhi ya watu kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo na degedege kama la kifafa, ambalo linaweza kuua. Kwa dawa zinazotoka haraka kama alprazolamu na lorazepamu, dalili huanza ndani ya siku moja au mbili. Kwa diazepamu zinaweza kuchelewa hata wiki, kiasi kwamba mtu hudhani amenusurika.

Kwa hiyo, ikiwa dawa imekwisha, imeibwa au imesahaulika safarini, usisubiri uone itakuwaje. Tafuta huduma ya afya siku hiyo na useme wazi jina la dawa, dozi na muda ambao umeitumia. Anayepata degedege au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali mara moja.

12. Sasa zinaachwaje salama?

Kwa kupunguza kidogo kidogo, kwa mpango ulioandikwa na unaoweza kubadilishwa. Njia inayotumika sana ni kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kusimama kwenye ngazi moja kwa muda dalili zinapozidi. Wengine huhamishiwa kwanza kwenye diazepamu, kwa kuwa hutoka mwilini polepole na vidonge vyake hugawanyika kirahisi. Aliyetumia kwa miaka anaweza kuhitaji mwaka mzima au zaidi, na si aibu. Ngazi za mwisho, ambapo dozi ni ndogo sana na kila mtu anakuhimiza umalize, ndizo zinazowashinda wengi, hivyo hazistahili kuharakishwa. Tiba ya mazungumzo ikienda sambamba na upunguzaji, uwezekano wa kufaulu huongezeka.

13. Je, ninaweza kunywa pombe kidogo nikiwa nazitumia?

Hapana. Pombe na benzodiazepini husukuma ubongo upande mmoja, na viwili kwa pamoja huweza kupunguza upumuaji hadi mtu asiamke. Hatari ni kubwa zaidi kwa dawa za maumivu za jamii ya opioidi, yaani morfini, kodeini, tramadoli na fentanili. Mwaka 2016 mamlaka ya Marekani iliweka onyo kali kuhusu mchanganyiko huo. Dawa za kikohozi zenye kodeini zimo katika hesabu hiyo, ingawa watu wengi hawazihesabu kama dawa kali.

## Dawa nyingine

14. Propranololi, buspironi na haidroksizini zinafaa kwa nani?

Propranololi ni dawa ya moyo na presha inayozuia adrenalini isiufikie moyo, hivyo hupunguza mapigo ya mbio na mikono kutetemeka kwa mtu anayekwenda kuhutubia au kufanya usaili. Haiondoi fikra za hofu na haijathibitika kuwa tiba ya mashambulio. Mwenye pumu hapaswi kuitumia, kwani huweza kubana njia za hewa. Mwenye kisukari anayetumia insulini ajue kwamba huficha dalili za sukari kushuka. Wengi huiona kama kidonge chepesi, lakini ikizidishwa inaweza kusimamisha moyo.

Buspironi hufaa kwa wasiwasi wa kudumu na haileti utegemezi, lakini inahitaji wiki 2 hadi 4 na haizuii mashambulio ya hofu. Haidroksizini ni dawa ya mzio inayosinzisha. Haina uraibu, ila inaweza kuvuruga mapigo ya moyo kwa mwenye tatizo la umeme wa moyo.

15. Pregabalini haina hatari za benzodiazepini, si ndiyo?

Ndivyo ilivyoaminika mwanzoni. Inatumika Ulaya kwa wasiwasi wa kudumu, na inafanya kazi ndani ya wiki moja hivi, lakini inaweza kuleta utegemezi na, ikichanganywa na opioidi, kuzuia upumuaji. Uingereza iliiweka kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa mwezi Aprili 2019. Nayo pia haiachwi ghafla.

## Hali maalumu

16. Nina mimba au ninanyonyesha. Je, niache kila kitu?

Kuacha kila kitu kwa hofu ni kosa linalotokea sana, nalo lina hatari zake, kwa mama na kwa mtoto. Sertralini hutumika sana katika mimba, na kiasi kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo. Paroksetini huepukwa kwa anayepanga kubeba mimba, kutokana na onyo la mwaka 2005 kuhusu kasoro za moyo wa mtoto. Benzodiazepini zikitumiwa karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa akiwa amelegea, anasinzia na hanyonyi vizuri. Diazepamu pia hujilimbikiza kwa mtoto anayenyonya. Mazungumzo haya ni bora yafanyike kabla ya mimba.

17. Dawa nyingine ninazotumia zina uhusiano gani na wasiwasi wangu?

Uhusiano ni wa namna mbili. Kwanza, dawa nyingine inaweza kuwa chanzo cha wasiwasi wenyewe: salbutamoli ya pumu, predinisoloni, homoni ya thairoidi iliyozidi, efavirenzi ya VVU, na meflokwini ya malaria, ambayo tangu mwaka 2013 ina onyo kali nchini Marekani kuhusu madhara ya akili. Pili, dawa moja huweza kubadilisha nguvu ya nyingine. Ritonaviri ya VVU na dawa za fangasi kama ketokonazoli na itrakonazoli huipandisha alprazolamu mwilini. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha diazepamu na buspironi. Dawa za asili zitajwe pia mbele ya daktari bila kuogopa kukaripiwa.

18. Mama yangu ana miaka 75 na ametumia diazepamu kwa miaka mingi. Je, tumwondolee?

Msimwondolee nyinyi, tazama swali la 11. Ni kweli kwamba kwa wazee dawa hizi huongeza kuanguka na kuvunjika nyonga, kusahau na kuchanganyikiwa, na diazepamu hukaa mwilini mwao kwa siku nyingi zaidi. Upunguzaji unawezekana hata katika umri huo, lakini uwe wa taratibu na wenye uangalizi. Kwa wazee wanaotumia dawa za serotonini, kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kumaanisha kwamba chumvi ya damu, yaani sodiamu, imeshuka. Kipimo cha damu hutoa jibu.

19. Je, naweza kuendesha gari?

Si katika siku za mwanzo wala dozi inapobadilishwa. Kwa benzodiazepini tatizo ni kwamba mtu hujiona yuko macho huku mwitikio wake umepungua, hata asubuhi baada ya kidonge cha usiku.

20. Rafiki yangu ana dawa kama yangu ya miligramu nyingi zaidi. Je, tunaweza kubadilishana?

Hapana, na miligramu hudanganya. Nusu miligramu ya alprazolamu hulinganishwa na miligramu 5 hadi 10 za diazepamu, kwa hiyo anayedhani amepata dawa nyepesi kwa sababu namba ni ndogo anaweza kumeza mara kumi ya alichozoea. Vidonge visivyotoka kwenye duka la dawa lenye kibali vina hatari ya ziada: vidonge bandia vinavyofanana na Xanax vimekutwa na fentanili.

21. Mtu amemeza vidonge vingi. Tufanye nini?

Pigeni simu ya dharura au mpelekeni hospitali mara moja, mkiwa na boksi la dawa. Msimlazimishe kutapika. Kama amezimia lakini anapumua, alazwe ubavu. Ipo dawa ya kuzima benzodiazepini, flumazenili, lakini kwa mtu aliyezoea dawa hizo inaweza kuchochea degedege, na ndiyo sababu hata madaktari huitumia kwa hadhari.

22. Nimemaliza tiba na vidonge vimebaki. Nivihifadhi?

Virudishe kwa mfamasia. Kidonge kilichobaki droo­ni humezwa na mtoto, na mgeni anayekosa usingizi, au na wewe mwenyewe usiku mbaya, bila mtu wa kukuuliza ni cha ngapi.